Mwaka Aliposhindwa Lulu

Harufu ya mbata zinazokauka juani, ikichanganyika na ya jasho la punda, hunirudisha uani kwa Bwana Nasoro, Bagamoyo, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Ua ule ulikuwa nyuma ya duka lake, umezungushiwa ukuta wa mawe uliolika kwa chumvi ya bahari, hata ukiugusa kwa kidole mchanga unamwagika. Upande mmoja zilianikwa nazi kwenye majamvi. Upande wa pili walifungwa punda wa kazi, wa kijivu, wenye makovu mgongoni, waliobeba maji, chokaa na nazi za mashambani. Lakini kwenye banda la peke yake, lililoezekwa makuti mapya kila mwaka, alikaa Lulu, punda mweupe mrefu wa mbegu ya Maskati. Lulu hakuwahi kubeba hata debe moja la maji. Kazi yake ilikuwa kushinda mbio za sikukuu, na aliifanya vizuri kiasi kwamba watoto wa rika langu hatukujua kuwa punda mwingine anaweza kushinda.

Aliyemtunza na kumpanda alikuwa Mjomba Shabani, mdogo wake mama. Baba yao alipofariki, Bwana Nasoro alimchukua mjomba angali mtoto, akamlisha, akampeleka chuoni kusoma Kurani, na ndiye aliyempandisha juu ya punda kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo ingawa mjomba alilala kwetu, kwenye chumba cha uani, mchana wake wote ulikuwa kule. Alikuwa mwembamba, mpole, mtu wa kujibu maneno mawili pale ambapo wengine wangesema kumi. Mwaka ule alikuwa amechumbia. Mchumba wake alikuwa Mwanaidi, binti wa Maalim Bakari aliyetusomesha chuoni, msichana mwenye vidole vyepesi ambaye kila Alhamisi alinisuka nywele barazani kwao na kunidadisi, kwa njia ya mbali, kama mjomba wangu anakula vizuri na kama bado anakohoa. Harusi ilikuwa imepangwa baada ya Maulidi.

Mbio zenyewe zilifanyika ufukweni, maji yakiwa yamekupwa na mchanga umekuwa mgumu. Punda walianzia penye mnada wa samaki, wakakimbia kuelekea upande wa Kaole hadi kwenye mkandaa mmoja uliosimama mbali na wenzake, wakauzunguka na kurudi. Hapakuwa na tandiko. Mpandaji alikaa nyuma kabisa, karibu na mkia, kamba moja mkononi na kifimbo mkono wa pili, na hapo ndipo ujanja ulipoanza. Walikuwepo waliojua kumsukumia mwenzao upande wa bahari hadi punda wake akanyage tope. Walikuwepo waliokata njia kwenye kona, na waliopiga mluzi wa ghafla sikioni mwa punda wa jirani. Watu wazima waliwekeana dau kwa kunong'ona, jogoo kwa jogoo, kanga kwa kanga, kwa kuwa kamari ni haramu na mashehe walikuwa wamekaa pale pale mbele. Dhidi ya Lulu hakuna aliyeweka kitu. Dau lilikuwa la nani atakuwa wa pili.

Idd Ndogo ya mwaka ule, ile ya mfungo mosi, baada ya sala, alikuja mzee mmoja wa Kikwere kutoka Fukayosi aliyeitwa Mzee Kondo. Tulimfahamu, kwani alileta mananasi na mkaa mjini kwa punda wake aliyeitwa Sitaki, jina alilopewa kwa tabia. Mzee Kondo aliomba Sitaki naye aingizwe, na mjukuu wake ampande. Watu walicheka, lakini walikubali, maana sikukuu bila kichekesho haikunoga. Mimi na binti wa shangazi tulisukumwa na umati hadi tukachoka, tukakimbilia mbele na kwenda kusimama majini, ng'ambo ya ule mkandaa, maji yakitufika vifundoni, nguo zetu mpya tumezikunja magotini. Ndiyo maana niliona ambacho waliokuwa nchi kavu hawakukiona.

Lulu alikuja wa kwanza, kama kawaida, na nyuma yake, kwa mshangao wetu, alikuwa Sitaki, masikio yamelala, mjukuu wa Mzee Kondo amemkumbatia shingo. Mjomba alipofika kwenye mti hakukata kona karibu kama alivyozoea. Alipanua duara mpaka karibu kutufikia sisi. Mkono wake wa kushoto, uliokuwa upande wa watu, ulipandisha na kushusha kifimbo kwa nguvu. Lakini hakikumpiga punda, kilipiga paja lake mwenyewe. Mkono wa kulia, uliokuwa upande wetu, ulikuwa umezungushiwa kamba na umeivuta chini kabisa, hadi Lulu akafunua meno. Mjomba alituona. Macho yetu yalikutana, kisha akatazama mbele. Sitaki akapita kwa ndani, na pengo lile Lulu hakulifidia hadi mwisho.

Niliporudi mjini nilikuta Mzee Kondo amemshika Sitaki kichwa kwa mikono miwili, analia waziwazi kama mtu aliyepokea mtoto wake kutoka safari, na watu wa mashambani wakimpigia vigelegele. Wenyeji wa mjini walikuwa wameanza kutazamana. Siku chache baadaye Mzee Kondo akaja kwetu mchana kweupe na tenga la mananasi na jogoo mwekundu. Kumbe kabla ya Ramadhani mjomba alikuwa amemtibu Sitaki kwato iliyooza, na mzee alikuja kushukuru. Alimweleza hivyo mama mlangoni, kwa heshima, akaenda zake. Lakini mtaa mzima ulikuwa umemwona akiingia na tenga na kutoka mikono mitupu. Kufika magharibi ilishajulikana kwamba Shabani ameuza mbio kwa mananasi.

Kuanzia hapo nyumba yetu ikawa nyumba ya kutazamana. Sikumwambia mtu nilichokiona, hata mama, kwa kuwa sikujua nikiite nini. Nilimchunguza mjomba alivyonawa mikono, alivyokaa, aliyemsalimu na aliyempita kimya. Kila aliyekuja kumwulizia, niliwaza: huyu ndiye aliyemtuma? Muuza kahawa alipocheka naye niliona kicheko kile kina jambo. Baba, aliyekuwa fundi cherehani na mtu wa kupenda utani, aliacha utani naye. Mwanaidi aliendelea kunisuka, lakini hakuniuliza tena kama mjomba anakohoa.

Ikaja Idd Kubwa. Siku hiyo maji yalikupwa jioni, basi mbio zikawa jioni, na watu walikuwa wengi kuliko wakati wowote, wengi wao hawakuja kutazama punda. Walikuja kumtazama mjomba. Safari hii mama hakuniruhusu kwenda mbali, nikabaki naye penye mnada, mahali wanaporudi. Tuliwaona wanakwenda, Lulu mbele, weupe wake ukipungua hadi ukawa kama kitambaa. Waliporudi, wa kwanza alikuwa punda wa wachoma chokaa, kiumbe mwenye jicho moja ambaye hata mwenye mali hakumtarajia. Lulu alikuwa wa tatu. Hapakuwa na vigelegele. Mtu mmoja akatema mate mchangani, na mjomba akateremka na kumwongoza Lulu kati yao bila kumtazama yeyote.

Kesho yake, baada ya alasiri, Maalim Bakari alikuja kwetu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, nikajua hakuja kwa kheri. Alikaa na baba barazani, mama akakaa nyuma ya pazia la mlango, nami nikakaa na mama. Mjomba aliitwa, akaketi chini kwenye mkeka. Maalim hakuzunguka.

"Shabani, nakuuliza mbele ya shemeji yako. Ulimzuia yule punda?"

"Idd Ndogo nilimzuia, Maalim," mjomba akasema. "Idd Kubwa sikumzuia. Pale kwenye kona alipunguza mwendo mwenyewe. Alikuwa anaingoja kamba."

"Idd Ndogo ulimzuia kwa ajili ya nani?"

Mjomba aliinama.

"Hilo nisamehe. Niliahidi kutosema."

"Uliahidiwa nini?"

"Sikuahidiwa kitu, Maalim. Wala sikupokea."

Maalim Bakari akasema, kwa sauti ya upole ambayo iliniumiza kuliko kama angefoka, kwamba mtu anayekiri la kwanza na kukana la pili, na la kwanza lenyewe hana maelezo nalo, yeye hawezi kumkabidhi binti yake. Vitu vya posa vilirudishwa siku ya pili, vimefungwa kwenye kanga ile ile vilimokwenda. Kabla ya Maulidi Mwanaidi aliozwa Pangani, kwa mtu mwenye duka la nguo. Alhamisi yangu ya mwisho alinisuka polepole sana, na alipomaliza alinishika mabega akaniuliza kama nilikuwa ufukweni Idd Ndogo. Nikasema ndiyo. Akangoja. Sikuongeza neno, naye akaniachia.

Mjomba aliendelea kwenda uani kwa Bwana Nasoro kila asubuhi, na hilo nalo lilitushangaza. Baba alisema mwenye punda angekuwa na akili angemfukuza zamani. Jibu lilikuja mwaka uliofuata, serikali ilipotwaa nyumba za kupangisha nchi nzima. Bwana Nasoro alikuwa na mbili, na zote zikaenda. Aliamua kuhamia kwa ndugu zake Dar es Salaam, na siku moja kabla ya kuondoka alikuja kwetu akiwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa, akamtuma mtu kumwita Maalim Bakari pia. Walipokaa, alizungumza akitazama mkongojo wake.

Alieleza kwamba kabla ya Ramadhani ile, kwenye mkutano wa hadhara, kijana mmoja alisimama kusema habari za mabepari wa mji, akamalizia, "Na Nasoro, hata punda wake bepari." Watu wote walicheka. Yeye alikuwepo, na akacheka pia. Lakini alipofika nyumbani hakulala. Aliona kwamba mtu ambaye kila kitu chake kinashinda hatadumu, na kwamba labda wakimwona ameshindwa mara moja, na punda wa mnyonge yeyote, wangemwacha. Ndipo akamwita Shabani na kumwomba Lulu asishinde sikukuu hiyo, na asimwambie mtu hata siku moja.

"Mtoto huyu ameibeba fedheha yangu," akasema. "Na nyumba zimekwenda vilevile."

Maalim Bakari alijifuta uso kwa kilemba. Akauliza jambo moja tu: na ile ya Idd Kubwa? Bwana Nasoro akasema kwamba ile ya pili hakuagiza, na hajui. Wote wakamgeukia mjomba. Akarudia maneno yake ya mwanzo, kwamba Lulu alipofika kwenye mti alipunguza mwendo mwenyewe, akingoja kuvutwa. Akaongeza kwamba ana ombi moja, Mzee Kondo asiambiwe. Waliitikia, lakini niliona nyuso zao. La kwanza, alilolifanya kweli, walimsamehe pale pale. La pili, ambalo alisema hakulifanya, hakuna aliyemwamini sawasawa, si Maalim, si baba, na hata mama, hadi anakufa, alikuwa akisema, "Shabani anajua mwenyewe." Mjomba hakupanda punda tena. Alilima Makurunge, akaoa mke mwema, akapata watoto, na habari za Pangani hakuziuliza.

Siku hizi vijana wa mtaa wangu wanacheza dau kwenye simu, mchana kutwa, kwa mechi za nchi wasizoweza kuzionyesha kwenye ramani, na wakiliwa husema mechi imeuzwa. Huenda ni kweli. Ila wanamshuku mtu ambaye hawatakutana naye kisimani wala msikitini. Sisi tulimshuku mtu aliyelala chumba cha uani, tukampa chakula huku tukimpima, na nikifikiri sasa naona kilichomchosha ni macho yetu ya kila siku. Mimi niliyaona yote mawili, mkono wa Idd Ndogo na ukimya wa Idd Kubwa, na mpaka leo la pili silijui. Nimechagua kumwamini. Nimechelewa, naye hayupo.

Mwaka jana nilikwenda Fukayosi kwenye msiba, na nikakaa jamvi moja na wajukuu na vitukuu wa Mzee Kondo. Mmoja wao, aliyekuwa ndiye mpandaji, sasa mzee mwenye mvi, akaanza kusimulia jinsi Sitaki alivyomshinda punda mweupe wa Maskati mbele ya mji mzima, na jinsi babu yao alivyoisimulia mbio ile hadi siku zake za mwisho. Watoto waliijua hadithi kwa moyo. Walimsaidia pale aliposahau. Binti mdogo akanitazama, akasema ameambiwa kwamba mimi ni mwenyeji wa Bagamoyo, na huenda niliiona.

"Niliiona," nikamwambia. "Nilikuwa karibu sana. Sitaki alikimbia mbio sijapata kuona."

Yule mpandaji alinitazama kwa muda, kama anayetaka kuuliza. Kisha akawageukia watoto, akaendelea.