Kinanda Juu ya Fidla ya Mzee Kombo

Jamani, hili nalisema kwa sababu mmenibana, maana aibu ya siku ile ilinifanya miaka mizima nizunguke mtaa wa nyuma ili nisipite mlangoni kwa Bi Tatu, hata nikitumwa mafuta ya taa. Nyie mnanijua fundi redio wa Temeke, mnaniona ninavyojishaua na bisibisi yangu, basi leo nichekeni, ingawa mkifika mwisho sijui kama mtaweza.

Mzee Kombo, mume wa Bi Tatu, ndiye aliyekuwa mpiga fidla mkuu wa klabu yetu ya taarabu. Fidla sita, kanuni, udi, nai, wote walikuwa wanatazama upinde wake ndio waanze. Alipoona kifua kinamzidi akaniita niwarekodi wimbo aliomtungia bintiye Mwanaidi, upigwe siku ya harusi yake. Wimbo ulipokwisha akawatoa wapigaji nje, kisha akanigeukia, "Nawe toka, fundi. Mashine iache izunguke." Nikasimama mlangoni. Mle ndani alikuwa anamwachia mwanawe radhi, kwa kuwa alijua siku yenyewe hatakuwepo, na akaweka sharti kwamba mtu asisikilize mpaka Mwanaidi avae nguo za harusi. Haikupita miezi miwili tukamzika.

Na kwetu radhi si mchezo, binti hatoki nyumbani mpaka apige magoti mbele ya baba yake amsamehe na kumwombea. Baba akiwa hayupo husimama ami, lakini Mwanaidi alikataa katakata, akasema radhi za baba zipo, zimo kwenye tepu.

Harusi ilipokaribia Bi Tatu akaniletea ile tepu imeviringishwa kwenye kanga. "Mwanangu, safisha mashine tu, isije ikakwama. Kingine usiguse." Nikajibu, "Sawa, mama," kwa adabu zote, na hapo hapo shetani akanipanda.

Siku zile vijana tulipagawa na vinanda vya umeme. Rafiki yangu Side alikuwa anapiga kwenye bendi ya dansi kule Kinondoni, na kinanda chao kilikuwa na kitufe, ukikibonyeza kinapiga ngoma chenyewe, tu-tup, tu-tup, bila mtu (mie mara ya kwanza nilichungulia nyuma yake). Basi nikawa naota fidla za klabu yetu zinatembea juu ya kinanda kile, na mwangwi ndani yake, kitu ambacho Dar nzima haijakisikia, nikajidanganya kwamba nampa Mwanaidi zawadi. Mwenye akili angenakili kwanza kwenye tepu nyingine, lakini tepu mpya ungeipata wapi wakati hata sabuni tulikuwa tunaipangia foleni duka la ushirika? Nikaamua nifanyie juu ya ile ile.

Mashine zile zilikuwa na kichwa cha kufutia, kinachofuta sauti ya zamani kabla mpya haijaingia. Mafundi tulikuwa na ujanja wetu, unakiziba kwa kipande cha pakiti ya sigara, sauti mpya inapanda juu ya ya zamani na ya zamani inabaki. Ubaya wake ni kwamba ukirekodi hivyo husikii kilichomo, unakwenda kwa kukisia. Wimbo ulikuwa wa dakika saba, nikashika saa, nikamwambia Side nikiinua mkono aache, tusije tukayafikia maneno ya mzee. Side akafumba macho, akazama, na mie fundi mzima kichwa kinatikisika, dakika ya saba ikapita mkono bado uko mapajani! Tulipoacha tukabaki tunasifiana, maikrofoni iko wazi, kisha tukatoka nje, mashine tumeiacha inarekodi mpaka tepu ikaisha. Nikasikiliza mwanzo tu, ukawa mtamu, nikazima. Sikutaka kuvunja sharti la mzee (mnaona uchaji wangu ulivyokuja umechelewa).

Siku ya harusi, alasiri, ua umejaa, watu wa bwana harusi wanangoja nje, Mwanaidi akapiga magoti mkekani mbele ya spika yangu kama anampigia baba yake. Nikawasha. Fidla zikaingia, kinanda chini yake, vigelegele vikapasuka, Bi Tatu akajifuta machozi, "Kombo wangu huyo!" Mzee mmoja wa klabu akanung'unika, "Nani kamtia Kombo dansi?" lakini na yeye mguu ulikuwa unapiga. Nikavimba kichwa.

Halafu katikati ya wimbo fidla zikakatika. Kikabaki kinanda peke yake, tu-tup, tu-tup. Nikajua kile kikaratasi kilidondoka wakati tunarekodi, na kuanzia hapo mashine ilikuwa inafuta kila kitu. Nikaruka kuzima, Mwanaidi akanyoosha mkono wenye hina. "Kaka, acha! Baba hajasema."

Akangoja, kainamisha kichwa. Kinanda kikaisha, ikatoka sauti yangu mimi, kubwa, ua mzima unasikia: "Mzee alikuwa mzito wa mkono, bwana, upinde anaukokota! Leo tumemfufua." Kisha kicheko cha Side, kisha mvumo mtupu mpaka tepu ikaisha.

Ami yake akauliza, "Radhi zenyewe ndizo hizo?" Nilitamani Bi Tatu anitukane, anipige hata kofi. Akasema polepole, "Zima mashine, fundi. Mwanangu anaumia magoti." Ami akatoa radhi zake kwa haraka, na Mwanaidi akatolewa pale analia, na kila mtu alijua hakikuwa kilio cha bibi harusi.

Mwanaidi alikuja dukani kwangu miaka mingi baadaye, Bi Tatu ameshafariki, kaleta redio mbovu. Nilipomrudishia hakuondoka.

"Kaka, wewe ulikuwa mlangoni siku ile. Hukusikia hata neno moja?"

Nikamwambia ukweli, kwamba mlango ulikuwa umefungwa, nilimsikia anakohoa, kisha akacheka kidogo.

"Alicheka?"

"Alicheka."

Akachukua redio yake, akaenda. Mie tangu siku ya harusi ile sijaongeza hata mlio mmoja juu ya kazi ya mtu, na ukiniletea kanda nitakuuliza kwanza kabla sijaigusa: humu ndani yumo nani?