Nywele za Milembe

Mwaka jana niliingia duka la dawa hapa Morogoro kununua plasta za mtoto. Muuzaji alikuwa amefungua kopo la mafuta ya kukinga ngozi na jua kumwonyesha mama mmoja aliyetangulia, na harufu yake, nzito, kama nazi iliyochanganywa na chaki, ikanifika kabla sijataja shida yangu. Nilitoka nje bila plasta. Nikasimama kwenye baraza la duka kama mtu aliyesahau njia ya kwao, mpaka muuzaji akachungulia na kuniuliza kama naumwa.

Siumwi. Ila kuna jambo ambalo sijapata kulisimulia mbele za watu, ingawa mbele za watu nimesimama mara nyingi sana. Nivumilieni, nitalisema taratibu.

Nilikuwa na miaka kumi. Baba, mwalimu wa chuo aliyebobea katika mambo ya udongo, alikuwa amepata ufadhili wa kusomea shahada yake ya uzamivu Guangzhou, China, akatuchukua mimi na Mama. Tulikaa ghorofa ya tano, jirani na Kangle, kijiji kilichomezwa na jiji, ambako kila nyumba ilikuwa na vyerehani kuanzia chini hadi juu. Tangu alfajiri kuta zetu zilivuma kama mzinga wa nyuki. Vipande vya vitambaa vilijaa mitaroni, na mimi nilijua rangi ya magauni ya mwaka unaofuata kwa kutazama tu mtaro umebeba nini.

Wapo wanaojaliwa sauti ya kuimba. Mimi nilijaliwa sala. Nilikuwa nimezinasa sala za Baba zote, na niliweza kutoka "Ee Mungu uketiye katika kiti cha enzi" hadi "Amina" bila kukohoa. Kila Jumapili tulipanda treni ya chini ya ardhi hadi Sanyuanli, kwa Pasta Kioko. Alikuwa Mkenya mwenye ofisi ya kusafirisha mizigo, na hakuna aliyejua alisomea wapi uchungaji. Lakini alikuwa na Biblia na chumba, na ugenini hivyo viwili vinatosha. Tulisukuma marobota ukutani, tukaabudu katikati. Tulikuwa kama ishirini: wanafunzi, wafanyabiashara wa Nairobi na Dar, na Wakongo wawili walioitikia amina kwa Kifaransa. Mimi nilikalia robota la jinzi. Nilipoitwa kuomba nilisimama juu yake, na watu wazima walifumba macho kwa ajili yangu. Niliipenda hali hiyo kuliko pipi.

Mama Milembe alikuja Oktoba, wakati wa maonyesho ya biashara ya Pazhou. Alikuwa akiuza vifungo na lesi Mwanza, rafiki wa Mama tangu shule. Safari hiyo alikuja na binti yake wa miaka tisa, Milembe, mwenye ualbino. Miaka hiyo tulikuwa na neno jingine la kuwaita, na tulilitamka kama tunavyotamka jina la tunda. Nyumbani, hasa kule Kanda ya Ziwa, watu kama Milembe walikuwa wanauawa, viungo vyao vikipelekwa kwa waganga. Mama yake alikuwa amekuja kuomba jambo moja: Milembe akae kwetu mwaka mzima, asome pamoja nami, hali ikitulia amfuate. Wazazi wangu walikubali kabla hajamaliza kusema. Kwa hilo nawasifu, na nitawasifu daima.

Siku za kwanza Milembe alitembea amejibana ukutani, kofia hadi nyusi, akinuka mafuta yake ya jua. Kisha siku moja kwenye treni, wanawake wawili wa Kichina wakamshika nywele zilizochungulia chini ya kofia, wakasema, "Piaoliang! Piaoliang!"

"Wanasema nini?" aliniuliza, akinibana mkono.

"Nzuri."

"Nini nzuri?"

"Nywele zako, we mjinga."

Aliniambia niirudie. Nikairudia. Akavua kofia, akakaa nayo mapajani hadi tuliposhuka. Wiki hiyo Milembe alijifunza kukimbia. Alikimbia korido ya ghorofa yetu kutoka mwisho hadi mwisho, akipiga kelele, mpaka bibi wa mlango wa pili akatoka na ufagio.

Lakini ndani ya nyumba Baba hakuwa na raha, hata chakula kilimshinda. Msimamizi wake alikuwa amemrudishia tasnifu mara mbili. Siku ya kuitetea ilikuwa Jumanne iliyokuwa inakuja, na nilimsikia akimwambia Mama kwamba akishindwa ufadhili unakatika, tunarudi mikono mitupu. Niliomba. Niliomba kwa maneno yangu makubwa yote. Asubuhi nilimtazama usoni nione kama ombi limefika. Uso ulikuwa uleule.

Alhamisi Pasta Kioko alikuja nyumbani. Alisema Jumapili tutaombea taifa, tuombee damu hii inayomwagika Tanzania, na alitaka Mama Milembe amweleze ili watu wajue wanaomba nini. Sisi watoto tuliambiwa tukacheze chumbani. Milembe alikwenda kucheza. Mimi nilikwenda kwenye ufa wa mlango.

"Wengine hawaui, Pasta," Mama Milembe alisema. "Wengine wanataka nywele tu. Wavuvi wanazisuka kwenye nyavu. Wanasema zinavuta bahati."

"Hao ni watu wa giza tupu, mama," Pasta alijibu. "Giza tupu."

Ningesikia giza, mngekuwa hamsomi haya. Nilisikia bahati.

Kesho yake, Ijumaa mchana, nilimwambia Milembe tucheze saluni. Alilaza kichwa mapajani pangu, akafumba macho, nikamchana polepole kwa kitana cha Mama. Nywele zake zilikuwa laini na za rangi ya majani makavu. Nilichukua mkasi wa kukatia nyuzi, nikakata shungi moja kisogoni, chini kabisa. Mkasi ulilia kidogo tu. Hakufumbua macho. Nilizifunga kwa uzi wa buluu, nikazitia mfuko wa ndani wa koti la suti la Baba, lile moja alilokuwa nalo. Kisha, Mungu anirehemu, nilipiga magoti nikaliombea koti.

Jumapili tulifika Sanyuanli mapema. Mama Milembe alimketisha binti yake kwenye robota amtengeneze nywele, maana kila mtu angemtazama siku hiyo. Nilikuwa nimeshika karatasi yangu ya sala, niliyoiandika kwa siku mbili. Nikaona mkono wake umesimama. Aligusa kisogo cha mtoto, akakigusa tena.

"Nani amekukata?"

"Sijui, Mama."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisimama, akatuzungushia macho mmoja baada ya mwingine, watu ishirini wa nyumbani na majirani wa nyumbani, tulioshika Biblia.

"Nani amemkata mwanangu nywele?"

"Dada, pengine ni michezo ya watoto," Pasta Kioko alisema.

Wote wakanigeukia. Baba aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. "Atupele, mlicheza na mkasi?"

Alikuwa amevaa lile koti.

"Hapana, Baba."

Mama Milembe alimvisha binti yake kofia, akamshika mkono. "Ingekuwa mchezo, mwanangu angeniambia," alisema. "Nimemtoa Mwanza nimlete hapa." Wakashuka ngazi. Mama aliwakimbilia, tukamsikia akiwasihi hadi mtaani.

Chumba kikaanza kunong'ona. Yuko aliyesema kwa uchungu, "Anatudhania sisi? Sisi tuliookoka?" Wengi wakaitikia kwa vichwa. Pasta aligonga meza, akasema shetani anataka kutuvuruga siku ya kuombea taifa, tusimpe nafasi, tuendelee na ratiba. Kwenye ratiba nilikuwa wa kwanza.

Nilipanda juu ya robota la jinzi. Nikasoma. Nilimwomba Mungu aifumbue macho nchi yetu. Niliomba juu ya hao wanaotafuta utajiri kwa nywele na mifupa ya watoto wako, ee Bwana, uwaaibishe. Sauti yangu ilitetemeka, na watu wakadhani ni Roho. Mwanamke mmoja alilia kwa kwikwi. Baba alitoa leso. Sijapata kuomba vizuri namna ile tena.

Mama Milembe alilala gesti siku mbili, kisha akaja kuchukua nguo za mtoto. Nilimwamkia mlangoni, "Shikamoo, Mama." Aliniwekea mkono kichwani. "Marahaba, mwanangu. Usome sana." Kwa Baba na Mama hakutazama. Aliwashuku watu wazima wote wa nyumba ile na kuniacha mimi, na mkono wake ulikuwa na harufu ya mafuta ya Milembe. Milembe alikuwa chini, ndani ya teksi. Walisafiri wiki hiyohiyo.

Baba alifaulu.

Miezi kadhaa baadaye Mama alikuwa akipiga brashi lile koti kwa ajili ya picha ya mahafali. Aliniita chumbani. Shungi lilikuwa kiganjani mwake, uzi wa buluu bado umekaza.

"Atu, hiki ni nini?"

Nilimwambia. Alikaa kitandani muda mrefu, vyerehani vya Kangle vikivuma ukutani. Nilingoja kofi, niliona afadhali lije. Aliinuka, akazichoma zile nywele juu ya jiko la gesi, akafungua dirisha, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili.

"Usimwambie baba yako," alisema. "Ni mzee wa ushirika pale kwa Pasta. Tutaliombea."

Tuliliombea, mimi na yeye, magoti yetu kwenye vigae. Mama hakupiga simu Mwanza. Siku ile niliona Mungu ametusitiri. Ilinichukua miaka kujua kwamba sala nayo inaweza kuwa kifuniko cha chungu, na kwamba aliyekifunika si Mungu.

Wiki moja baada ya lile duka la dawa nilimwomba Mama namba ya simu. Aliniuliza ya nani, akajua kabla sijajibu, akaninyima siku tatu, kisha akanitumia. Nikapiga. Milembe ni mwalimu wa msingi, ana watoto wawili. Alinieleza kwa sauti ya utulivu kwamba waliporudi mama yake alimpeleka kituo cha bweni chenye ukuta na mlinzi. Alikaa humo miaka sita, hata likizo. Mama yake alikuja kila mwezi na kumtazama kupitia geti.

Nikamwambia ni mimi.

"Najua," alisema. "Sikuwa nimelala."

"Kwa nini hukusema?"

Alicheka kidogo. "Nilidhani umezitaka kwa kuwa ni nzuri. Hakuna mtu aliyewahi kuzitaka kwa sababu hiyo. Nikaona nikisema utapigwa, nami nitaonekana mchoyo."

Ningeweza kukomea hapo. Nilijiambia ukweli ni deni la dhamiri, nikamweleza yote: ufa wa mlango, tasnifu, mfuko wa koti. Nilisikia mtoto akiita upande wake, naye hakumwitikia.

"Atupele," alisema mwishoni, "ningependa ungeniachia ile sababu niliyokuwa nayo."

Akaniaga kwa adabu. Hatujazungumza tena.

Nimefikiri sana juu ya chumba kile. Hatukuwa wanafiki. Wale watu walilia machozi ya kweli juu ya nchi yao, na lililoombewa lilistahili kuombewa. Ila tulimwonyesha Mungu Kanda ya Ziwa, mbali, ng'ambo ya bahari, tukamwambia waovu wako kule. Na mwanamke mmoja aliposimama kuuliza ni nani hapa, tuliona ametukosea adabu. Mimi peke yangu nilijua jibu, na mimi ndiye niliyepewa nafasi ya kuomba.

Kanisani kwetu bado nasifiwa kwa sala. Juzi mzee wa kanisa alinipangia kuombea taifa Jumapili, tukielekea uchaguzi. Nilimwambia siwezi. Akaniuliza kwa nini, na nilikuwa na nafasi, tulikuwa wawili tu kwenye kivuli cha ofisi. Nikamwambia koo linaniuma.

Akanipa pole, akasema wataniombea.