Mafuta ya Mkia Kwenye Kinu cha Samatar

Bisharo alizaliwa mlio wa kinu ukiwa masikioni mwake, na hata leo, mlio ukikatika ghafla, usingizi wake wa mchana hukatika pia. Kinu hicho cha maji alikijenga babu yake Samatar, askari aliyerudi kutoka vitani akiwa amechoshwa na bunduki. Alichimba mfereji kutoka mtoni hapa Isiolo, akaweka gurudumu na mawe mawili. Watu walimcheka, kisha hao hao wakapanga foleni. Mashine za dizeli zilipokuja mjini, wanawake hawakumhama, kwa sababu mawe yake hayaunguzi unga.

Mhimili unaozungusha jiwe hupakwa mafuta ya mkia wa kondoo tu, basi. Babu aliagiza hivyo bila kueleza sababu. Siku moja mwana wa Bisharo, Abdighani, dereva wa lori, alisikia mhimili ukilia, akaushindilia grisi ya gari. Haraka haraka haina baraka, lakini nani atamwambia dereva? Grisi ikapenya mpaka kwenye mawe, na unga ukanuka gereji.

Sabdio, jirani na mteja wa miaka mingi, ambaye ulimi wake haujui kunyamaza, alirudisha ndoo nzima.

"Mama Abdighani, ugali ya hii unga nimepatia mbuzi, imekataa. Mbuzi!"

Maneno hayo yalienea, foleni ikapotea. Bisharo aliogopa, tena sana. Dizeli haikumweza; sasa kinu cha ukoo kingefia mikononi mwake kwa sababu ya grisi!

Hakumgombeza mwanawe. Alimpa brashi. Waliinua jiwe, wakasugua kwa maji moto na majivu, wakasaga pumba na kuzitupa mpaka harufu ikaisha. Abdighani akaenda soko la mifugo mwenyewe, akarudi na mkia mnene, akauyeyusha na kuupaka mhimili.

Bisharo alipika ugali wa unga wa kwanza, akaubeba na sufuria yake hadi kwa Sabdio.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam. Umeniletea nini tena?"

Sabdio alinusa. Akanusa tena. Badala ya kuonja, akamega tonge akamtupia mbuzi wake mlangoni. Mbuzi alikula, akalamba chini, akaja mbio na kutumbukiza mdomo kwenye sufuria.

"Wewe, toka!" Sabdio alifoka, akiikumbatia sufuria. "Hii ni yangu!"

Bisharo aliketi pale pale kizingitini, akacheka mpaka machozi yakamtoka.