Slasha ya Baba na Nyasi za Nyumba Nane

Enzi zetu Jumamosi ilianza kwa sauti ya slasha ikifyeka nyasi. Kabla mwuza maziwa hajapita na baiskeli yake, kabla redio ya jirani haijawashwa, ungeisikia kule nje: fyaa, fyaa, fyaa, kisha kimya kifupi Baba akinyoosha mgongo, kisha fyaa tena. Nilikuwa nikijifunika blanketi hadi kichwani na kujifanya sijasikia. Haikusaidia. Dirisha liligongwa kwa kidole kimoja na sauti ya Baba ikaniambia, "Mama, mawe."

Baba huniita Mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake, Nekesa. Baba alikuwa fundi wa reli siku za kazi, na Jumamosi alikuwa mkata nyasi wa nyumba nane, bila ya mtu yeyote kumwajiri.

Ninyi mliolelewa katika nyumba za zamani za kanjo, yaani za baraza la jiji, huku Eastlands mnazijua nyasi ninazozisema. Nyumba zetu zilitazamana, nne upande huu na nne upande ule, na katikati palikuwa na uwanja wa kijani ambao mtoto akiukimbia kutoka mlango wetu hadi mlango wa Mama Atieno alifika akihema. Hapo tulicheza kati, wawili wakimlenga wa katikati kwa mpira wa makaratasi ya plastiki uliofungwa kwa kamba ya katani. Hapo tuliruka blada hadi lastiki ikakatika, tukaifunga fundo, tukaendelea. Hapo tulipika kalongolongo kwenye vifuniko vya makopo, tukala majani kwa heshima zote, na aliyekuwa baba wa nyumba akarudi kutoka kazini akilalamika kwamba mboga haina chumvi.

Uwanja huo ulikuwa na ratiba yake, na hakuna aliyewahi kuiandika. Alfajiri ulikuwa wa Baba. Kuanzia saa nne ulikuwa wa nguo, maana akina mama walikuwa wamemaliza kufua, na shuka na sare za shule zilitandazwa juu ya nyasi zilizokatwa zikanuka sabuni na majani mabichi. Ole wake mtoto aliyekanyaga shuka ya Mama Atieno. Saa tisa nguo zikianuliwa, uwanja ukawa wetu hadi tulipoitwa kuoga.

Baba alifyeka alfajiri kwa sababu ya umande. "Ndevu hunyolewa zikiwa zimelowa," alikuwa akisema, akiinoa slasha yake kwa tupa, ile aliyotengenezewa Kariobangi kwa chuma cha springi ya lori. "Nyasi ni vivyo hivyo. Zikikauka zinalala tu, zinakukwepa." Na ilikuwa kweli. Nyasi zenye umande zilisimama wima zikaangushwa kwa mpigo mmoja.

Kazi yangu ilikuwa kutangulia na kebe la mafuta ya kupikia, miguu mitupu, nikipapasa kwa nyayo. Nikikanyaga jiwe, niliinama, nikalitupia kwenye kebe: tang. Kifuniko cha soda, ting. Mfupa ulioachwa na mbwa haukulia hata kidogo. Baridi ya umande ilipanda kutoka vidoleni hadi magotini, na nyuma yangu Baba alihesabu kwa sikio. Nikikaa sana bila kusikika aliuliza, "Mama, umelala huko mbele?"

Nilipokuwa darasa la nne, jiwe moja lilinipita. Lilikuwa na ukubwa wa yai. Slasha ililipiga likaruka likampata Mose, jirani yetu wa nyumba ya tano, ambaye alikuwa amesimama ukutani akila mandazi bila kumkosea mtu. Lilimchana ugoko. Baba akambeba hadi kwao, akamwosha kwa maji ya chumvi, akarudi akanikuta nimekaa chini na kebe langu.

"Mama," akaniambia, "limekupita moja tu. Mengine yote uliyaona."

Nilisikia nusu ya kwanza. Tangu siku hiyo siwezi kufunga mlango bila kurudi kuujaribu, na barua pepe ya mistari miwili naisoma mara sita kabla sijaituma.

Miaka ikaenda. Baba akastaafu, kisha bega lake la kulia likastaafu pia. Daktari alimkataza slasha. Akawa anaamka alfajiri kufyeka kidogo kidogo akidhani simsikii, halafu mchana mkono unamshinda kuinua kikombe cha chai. Mwaka huu mvua ilipokolea, nyasi zikafika magotini, na Mama Atieno, ambaye ndiye mwenyekiti wetu, akaita mkutano wa nyumba zote nane.

Mose alikuja na pendekezo. Siku hizi ana gari la teksi, na gari hilo hukwama matopeni kila mvua ikinyesha. Alitaka nyasi zing'olewe, uwanja wote uwekwe kabro, yale matofali ya kutandaza chini.

"Mzee, heshima yako iko palepale," alimwambia Baba. "Lakini bega limekataa. Sasa nani atafyeka? Hawa?" Akawaonyesha vijana waliokaa kwenye ngazi. Vijana wote wakaziangalia simu zao, kana kwamba jibu lingeingia kama ujumbe.

Baba alikuwa akiziangalia nyasi jinsi mtu anavyomwangalia mgonjwa anayesemwa vibaya akiwa amelala palepale.

Mama Atieno akakata shauri. "Nekesa amesoma. Atafute mashine ya kukata hizi nyasi. Jumamosi ya wiki ijayo tuione ikifanya kazi. Ikitushinda, basi, kabro iwekwe, na mtu asininunie."

Nina shahada na sina kazi, kwa hiyo muda wa kufikiria ninao mwingi. Usiku ule nilichukua daftari. Mashine ya umeme haina kelele, lakini ingeburuta waya mrefu uwanjani penye watoto, na stima huku kwetu hupotea bila kuaga. Ile ya kusukuma kwa mkono, yenye visu vinavyojizungusha na magurudumu, haina injini wala mafuta. Ila inafaa nyasi fupi na laini, na zetu zilikuwa nene kama zulia. Ile ya kubeba begani inakata hata kichaka. Lakini begani! Bega ndilo lililotuleta hapa. Tena hurusha mawe, na nilipoandika neno hilo nikaona mandazi ya Mose yakianguka. Ikabaki ile ya petroli yenye magurudumu manne, unayoisukuma huku umesimama wima, kisu chake kimefunikwa na bati na nyasi zinaingia mfukoni nyuma. Hiyo nayo niliiandikia maswali kurasa tatu.

Niliyapeleka Kariobangi, kwa fundi anayetengeneza mashine za nyasi kando ya wachomeleaji. Alisikiliza kurasa mbili za kwanza kwa subira.

"Madam," akanikatiza, "hizo nyasi ni za watoto kucheza ama ni za ng'ombe?"

"Za watoto. Na za kuanika nguo."

"Basi chukua hii ya magurudumu. Mara ya kwanza inua kisu juu kabisa, maana zimekuwa ndefu; ya pili ndiyo ushushe. Okota mawe kwanza. Na usiipeleke kwenye umande. Nyasi mbichi zinaganda chini kama ugali. Ngoja jua lizikaushe." Akakubali tuijaribu hiyo Jumamosi kabla ya kuinunua.

Umande. Nililiandika neno hilo, nikalipigia mstari, na siku nne nzima nikatafuta namna ya kumwambia Baba. Ungemwambiaje mzee kwamba alfajiri zake zote, na ndevu zake zilizolowa, mashine haizitaki? Nilipanga kumwambia wakati wa chai, nikaona ana furaha. Nikapanga kumwambia usiku, nikaona amechoka. Ijumaa tuliileta mashine nyumbani, akaizunguka, akaipapasa kifuniko cha injini kama anayesalimiana na mtu wa reli, na mimi nikajiambia nitamwambia kesho nikiamka.

Kesho yake niliamshwa na injini.

Nilitoka mbio na kanga. Kulikuwa hakujapambazuka vizuri. Baba alikuwa amesukuma hatua kama ishirini. Mashine ikakohoa, ikatetemeka, ikazima. Akaiwasha tena. Ikazima tena. Milango ikafunguliwa mmoja baada ya mwingine. Mose akatoka na mswaki mdomoni.

"Nekesa! Hiyo ni mashine ama ni mbuzi amevimbiwa?"

Watu wakacheka. Vijana walitoka pia, simu zikiwa juu, wakipiga picha. Baba akachomoa waya wa plagi ya injini, akailaza mashine ubavu, akaanza kukwangua nyasi mbichi kwa kijiti. Nikajua kwamba alikuwa anafikiria kabro.

"Baba," nikasema, "kosa ni langu. Fundi aliniambia haitaki umande. Inataka nyasi kavu. Nilishindwa kukwambia."

Akaacha kukwangua. "Haitaki umande kabisa?"

"Kabisa. Saa nne hivi ndiyo itafaa."

"Saa nne nyasi ni za nguo," akasema taratibu, kama anayenikumbusha sheria niliyoijua tangu nikiwa mtoto. Katika kurasa zangu zote sikuwa nimeandika habari ya nguo.

Mama Atieno alikuwa amesimama mlangoni na karai lake kiunoni, shuka zimerundikana. Akaliweka chini.

"Baba Nekesa, kwani jua la saa saba ni la nani? Nguo zangu zimekauka kwa jasho lako miaka yote hii. Leo zitangoja."

Basi tukangoja jua. Kwa kuwa kungoja bila kufanya kitu kulinitia wasiwasi, nilivua kandambili nikaingia uwanjani na kebe. Nilikuwa nimeokota mawe matatu niliposikia mtu nyuma yangu. Mose alikuwa amekunja suruali hadi magotini, alama ya ugoko iking'aa.

"Songa," akasema. "Naokota mwenyewe. Wewe siwezi kukuamini mara mbili."

Tukapapasa kwa nyayo, bega kwa bega, kuanzia kwetu hadi kwa Mama Atieno. Msichana mmoja mdogo aliacha simu ya mama yake akaja kutuuliza ni mchezo gani. Mose akamwambia ni mchezo wa zamani, na kwamba mimi ndiye niliyewahi kushindwa vibaya kuliko wote. Msichana akavua viatu.

Saa nne Baba aliwasha mashine. Ilinguruma na kwenda, kisu kikiwa juu, kisha akarudia kikiwa chini, na mistari ikajitokeza uwanjani kama shati lililopigwa pasi. Alitembea wima. Bega halikuinuliwa hata mara moja. Saa saba shuka za Mama Atieno zilitandazwa, na mkutano haukuchukua hata nusu saa: nyasi zibaki, nyumba zote zichangie mashine, na ukanda mwembamba kando ya geti uwekwe kabro kwa ajili ya gari la Mose. Mose mwenyewe ndiye aliyependekeza uwe mwembamba.

Kwa hiyo nyasi zetu zipo. Watoto wa sasa huzichezea dakika kumi, kisha hukaa juu yake kutazama watoto wengine wakicheza kwenye simu; ila wanazikalia, na hilo linanitosha. Jumamosi inaanza saa nne, kwa injini, na anayetaka kulala anaweza kulala.

Mimi siwezi. Saa kumi na mbili macho hufunguka yenyewe, nikaisikilizia slasha ambayo sasa imening'inizwa ukutani jikoni, imepakwa mafuta isishike kutu. Nje huwa kimya. Kisha, nikitulia vizuri, namsikia Baba uwanjani, ametangulia peke yake katika umande na kebe la mawe, miguu mitupu, maana huo umande hakuweza kuuacha.

Tang.

Kimya.

Tang.

Akikaa sana bila kusikika, mimi ndiye ninayegonga dirisha. "Baba, umelala huko mbele?"