Nyuma ya pazia la "Msafiri wa Ukungu": yale maneno mnayosema ni Kijapani, si Kijapani

Wakuu, poleni na majukumu.

Nimeona ubishi unaoendelea humu kuhusu ile katuni ya Kijapani iliyotafsiriwa, Msafiri wa Ukungu. Mmoja anasema sauti ya Msafiri imetengenezwa na kompyuta. Mwingine anaapa kuwa ni mzee mstaafu wa jeshi. Wa tatu ametuandikia maana ya "mhola duhu" kwa Kijapani, aya nzima, na watu wakamshukuru.

Nimevumilia, nimeshindwa. Mimi nilikuwepo.

Nitaandika nilichokiona, na pale ambapo sikuwepo nitasema nani aliniambia. Wahusika wameniruhusu. Suala la haki za wenye katuni yao huko Japani nalijua, tulianzishie uzi wake, hapa naomba tusiingie huko.

Kwa wageni wa hii kitu: Msafiri wa Ukungu ni jina tulilolipa sisi huku Ifakara. Ni habari ya mpiganaji mwenye kinyago cha mti, anayepita kijiji hadi kijiji chini ya mlima ambao kilele chake hakionekani kwa ukungu. Hakuna anayejua sura yake, wala kama ni mwanaume au mwanamke. Kila kijiji anachokiokoa kinamfukuza, maana watu wanaogopa mtu wasiyemwona uso.

Mapigano yapo ya kutosha. Lakini watu walikuwa wanarudi kwa swali moja tu: huyu ni nani?

Mtafsiri ni DJ Kambale. Ni Mndamba, mwenyeji wa bonde hili, mzaliwa wa kijiji cha Mofu, jina la kambale kajipa mwenyewe kwa sababu anasema samaki huyo hata maji yakiisha yeye bado yupo. Chumba chake cha kurekodia kiko Kibaoni, ukuta kwa ukuta na kibanda changu cha kutengeneza simu. Kijapani hajui hata neno. Anasoma subtitle za Kiingereza, yale maandishi ya chini ya picha, anasimulia kwa Kiswahili, na sauti karibu zote anazitoa yeye: jemadari, bibi kizee, mtoto mchanga, farasi.

Hicho chumba kina magodoro ukutani na blanketi mlangoni. Feni inazimwa kwa sababu maiki inaisikia. Nyuma ya ukuta wa pili kuna mashine ya kukoboa mpunga, kwa hiyo kazi inafanyika mchana, watu wa mashine wakienda kula. Ukisikia jemadari anaanza kuongea haraka haraka kuelekea mwisho wa episode, ujue jirani wamemaliza wali na wanarudi.

Sasa siri ndogo ndogo kabla ya ile kubwa.

Sauti za asili pale zinapofunikwa na muziki mbaya, Kambale anazitengeneza upya. Ile mvua kubwa ya bondeni ni mpunga unamwagwa kwenye ungo. Aliyekuwa anamwaga ni mimi. Panga zinazogongana ni kisu na mfuniko wa sufuria. Farasi wanaokimbia ni makatambuga mawili, vile viatu vya tairi vya wafugaji, yanapigwa juu ya meza. Makatambuga hayo yana mwenyewe, nitamfikia.

Na ule mngurumo wa joka kwenye episode ya nne ni honi ya treni. Treni ilipita maiki ikiwa wazi, Kambale akaamua kuiacha. Wiki hiyo hiyo jamaa mmoja wa Mlimba akampigia simu: "DJ, hilo joka lako mimi nimelipanda mara ngapi."

Haya. Tuje kwa Msafiri.

Tatizo la Kambale lilikuwa kwamba sauti yake inajulikana bonde zima. Mtu akimsikia tu anasema huyo Kambale. Sasa mpiganaji asiyejulikana utamfanyaje? Alijaribu kuongea ndani ya ndoo. Alijaribu kubana pua. Nilikuwa nasikia kupitia ukutani na kucheka peke yangu, wateja wakadhani nina matatizo.

Siku moja, katikati ya mahangaiko hayo, hodi ikapigwa mlangoni. Alikuwa Kabula.

Kabula ni mama wa Kisukuma anayetuletea maziwa Kibaoni kwa baiskeli, madumu mawili nyuma. Familia yao ilihamia bondeni na ng'ombe, yeye akiwa binti mdogo. Ana sauti nzito, tulivu, haipandi wala kushuka. Amepiga hodi mara moja tu, akasema, "Maziwa yamefika, kaka." Kambale ametoka pale na headphone shingoni, jasho linamtiririka, akamwambia arudie.

"Nirudie nini?"

"Hivyo hivyo ulivyosema."

"Maziwa yamefika."

Kambale akanigeukia mimi, nilikuwa mlangoni kwangu, akasema, "Huyo ndiye." Dada wa watu akadhani anatuhumiwa kitu.

Kwa ufupi alikubali kuwa sauti ya Msafiri, alisema anapenda hadithi. Makatambuga ya farasi ndiyo hayo aliyokuwa amevaa siku ya kwanza.

Mnakumbuka kabla ya kila pambano Msafiri anainamisha kichwa na kutamka maneno mawili? Pale subtitle haiandiki chochote. Kambale alikuwa ameweka "Jiandaeni kufa." Kabula akaomba kuangalia tena. Akaangalia, akasema hapana, mtu hawezi kuinama kwa adabu namna ile halafu atishie watu. "Huyu anaingia kwa watu wasiomjua. Huyu anasalimia."

Kambale akamuuliza, sasa asalimieje?

Akasogea kwenye maiki, akasema, "Mhola duhu."

Wasukuma wa humu najua mmeshaanza kucheka. Kwa wengine: ni jibu la Kisukuma mtu anapokujulia hali. Salama tu. Amani, hakuna baya.

Basi ndiyo hiyo, wakuu. Ndiyo "mbinu ya upanga wa ukungu" mliyoelezwa humu kwa aya nzima.

Mtauliza, Mofu na vijiji vya jirani wamekaa na Wasukuma miaka yote, iweje wasiitambue? Nimeuliza watu wengi swali hilo. "Mwangaluka", salamu yao ya asubuhi, kila mtu anaijua. Lakini hakuna aliyekaa mbele ya katuni ya Kijapani akisubiri kusikia Kisukuma. Kijana mmoja wa Kisukuma aliniambia alidhani masikio yanamdanganya, akanyamaza asichekwe.

Ikasambaa. Bodaboda wakaiandika nyuma ya pikipiki. Vijana wakifunga goli, wanainamisha kichwa, "Mhola duhu." Watoto wa Mofu walikuwa wanaisema kabla ya kuruka kwenye mfereji.

Na Mofu hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Msimu uliotangulia ng'ombe waliingia kwenye mashamba ya mpunga kule, mpunga umeshaiva. Hakuna aliyejua ni ng'ombe wa nani. Tangu hapo salamu kati ya wakulima na wafugaji zilikuwa ngumu. Kabula alikuwa na wateja wa maziwa njia ya Mofu, wakapungua mmoja mmoja bila kumwambia kitu.

Mwenye kibanda cha video cha Mofu akamwomba Kambale episode ya mwisho ionyeshwe kwao kwanza, Jumapili baada ya ibada, na aje na mtu wa sauti ya Msafiri watu wamwone. Kambale alikubali kwa furaha, ndiyo kwao. Kisha akakumbuka ni nani mwenye sauti.

Nilikuwepo akimweleza Kabula. Alimwambia dada, wewe baki nyumbani tu, mimi nitasema Msafiri ni mtu wa Dar amepata dharura. Alisema kwa nia njema, uso wake ulionyesha. Aliogopa watu wasimfedheheshe.

Kabula alikuwa anafunga madumu kwenye baiskeli. Hakuinua uso.

"Sawa," akasema. "Basi na hayo maneno ya mwisho mtafute huyo wa Dar ayarekodi."

Akapanda baiskeli akaondoka.

Wakuu, kwenye episode ya mwisho Msafiri anavua kinyago. Ndiyo sehemu ambayo bonde zima lilikuwa linaisubiri, na ilikuwa bado haijarekodiwa. Kabula hakuja tena Kibaoni wiki ile. Maziwa alileta mtu mwingine, na alikuwa anayaacha kwangu, si kwa Kambale.

Kambale alijaribu kuirekodi mwenyewe. Nilisikia kupitia ukuta. Akaifuta. Akaacha pale pakiwa kimya.

Jumamosi akaenda kwao Kabula. Hapa sikuwepo, nasimulia alivyoniambia yeye, na Kabula hajakanusha. Alimkuta akikamua. Alimwambia, nimekosea, nilitaka kukuficha ili usiumizwe, kumbe nimekuumiza mimi. Kabula akamwacha asimame hadi ng'ombe akaisha kukamuliwa. Kisha akasema atakuja Mofu, ila harekodi. Maneno ya mwisho atayasema pale pale, mbele ya watu, kwa mdomo wake.

Jumapili tukaenda na bodaboda mbili, njia imejaa tope. Kabula alikuwa amepakata dumu la maziwa ya mgando. Nilimuuliza la nini. Akasema mgeni haendi mikono mitupu.

Kibanda kilijaa mpaka nje. Madirisha yamezibwa na nailoni nyeusi, joto la kutosha. Mbele kabisa alikaa Mama Tumaini. Huyu ni mkulima, anauza pia samaki wa kukaanga hapo mlangoni, na ana tabia ya kuongea na skrini. Mpunga wake ulikuwa kati ya ule ulioliwa. Muda wote alikuwa anamuonya Msafiri: "Geuka nyuma, baba. Nyuma yako huko, mbona huelewi."

Kwake Msafiri alikuwa mwanaume, na alikuwa kama mwanawe.

Ikafika. Ukungu unafunguka, Msafiri amesimama mbele ya kijiji cha kwanza kabisa kilichomfukuza. Mikono inapanda kwenye kinyago. Kinatoka. Ni mwanamke, nywele zimelowa. Kwenye spika, kimya.

Watu wakaanza kuguna, DJ, sauti imekata. Halafu ile sauti ikatoka nyuma yetu, kwenye maiki ya mkononi, bila kutetemeka:

"Ni mimi. Nilikuwa hapa hapa siku zote." Ikapumua. "Mhola duhu."

Kibanda kizima kiligeuka.

Kabula alikuwa amesimama karibu na mlango, kwenye mwanga, na kanga yake na makatambuga. Haikuhitaji mtu kueleza. Nyuma kijana mmoja akasema kwa mshangao, si kwa ubaya, "Msukuma." Mwingine akanyanyuka kama anayetaka kutoka.

Mama Tumaini ndiye aliyeongea.

"Ina maana mwaka wote huu nimekuwa nikimpigia makofi Msukuma?"

"Shikamoo, mama," Kabula akasema.

Shikamoo huwezi kuiacha hewani. Hata ukiwa na hasira, mdomo unajibu wenyewe.

"Marahaba," Mama Tumaini akasema. Kisha, "Hayo maneno yako maana yake nini?"

"Salama tu, mama."

"Salama. Ng'ombe wenu walipoingia kwenye mpunga wangu, nao walisema salama?"

Nilimwona Kambale anafumba macho.

Kabula akamjibu taratibu, sauti ile ile ya Msafiri: "Wale hawajui kuongea, mama. Ndiyo maana nimekuja mimi. Na kwa mpunga wako, pole sana. Nilipaswa kuja kusema mapema."

Mabega ya Mama Tumaini yakaanza kutikisika, tukadhani analia. Alikuwa anacheka. Akamwambia yule kijana aliyenyanyuka, "Wewe kaa chini, au umpishe mgeni kiti." Akampisha.

Ikabidi mwisho uonyeshwe tena, kwa sababu nusu ya watu waliukosa wakiwa wamegeuka. Kabula akausema tena. Safari hii kibanda kizima kikamalizia naye yale maneno mawili, na wote walijua wanasema nini. Maziwa ya mgando yaliisha kabla hatujatoka.

Sitawadanganya kwamba ng'ombe na mpunga wamepatana. Bado kuna kesi na bado kuna watu hawasalimiani. Lakini Mama Tumaini ana namba ya Kabula. Akiona mifugo inasogea mashambani anampigia, naye anampigia mwenye kundi. Hakuna mkutano uliokaa kupanga hilo, na msimu huu shamba lake limevunwa lote. Njia ya Mofu, Kabula amerudisha wateja kadhaa. Si wote.

Nilichojifunza mimi: tulijiona tunamlinda mtu kwa kumficha, kumbe alichokosa ni nafasi ya kuingia mlangoni na kutoa salamu yake. Na waliokuwa upande wa pili nao walikuwa na la kuuliza, na hawakuwa na wa kumuuliza.

Siri ya mwisho. Kambale ameanza kutafsiri katuni nyingine, ina mchawi wa kike anayeongea sana. Mama Tumaini alikuja Kibaoni mwenyewe, akasimama katikati ya magodoro, akadai nafasi hiyo. Kambale akajaribu kumweleza kuwa kazi ni ngumu, ni mambo ya Japani.

Mama akamkatiza: "Kama Msukuma ameongea Kijapani mwaka mzima, Mndamba mimi nashindwa nini?"

Juzi amerekodi. Watu wa mashine ya kukoboa walichelewa kurudi kazini, walikuwa wamesimama ukutani wanasikiliza.

Nawasoma, wakuu. Ambaye naye aliwahi kushangilia neno la jirani yake akidhani limetoka mbali, atuambie. Na wewe uliyetuandikia ile aya ya Kijapani, usione aibu, njoo tu. Mhola duhu.