Moto wa Kambi ya Kusini

Nilipokuwa mtoto pale Goweko, enzi za Mwingereza, mawingu ya jioni yalikuwa yakininyima usingizi. Wenzangu waliogopa fisi. Mimi nilikuwa natoka nje, naingia ndani, natoka tena, mpaka mama aniulize kama nina siafu kwenye nguo. Kiherehere changu hakikuanza leo, na hapa mjini Tabora wajukuu wangu wananicheka kwa hicho hicho.

Chanzo chake ni Bibi, mama yake baba. Miezi ya mvua, anga likitakata baada ya chakula cha jioni, huonekana upande wa kusini doa jeupe hafifu, kama moshi uliosahau kupanda. Upepo hauliondoi. Bibi aliliita Kambi. Mumewe alikuwa mpagazi, alibeba pembe hadi pwani kwa ile njia ya misafara iliyopita jirani na kwetu, na wake wa wapagazi waliamini kwamba kule ndiko wasafiri wetu wote hulala, na moto wao huwaka kwa sababu moto wa nyumbani haujazimwa. Kwa hiyo mtu akiwa safarini, mafiga yake hayapoi. Usiku makaa hufukiwa majivuni, alfajiri hupulizwa. Ukiyaacha yafe, Kambi nayo huzimika, na msafiri hana tena pa kurudi.

Msafiri wetu alikuwa baba. Alikwenda manamba, kukata mkonge upande wa Kilosa, nikiwa bado sijang'oa meno ya utoto. Mkataba ukaisha. Wenzake wakateremka stesheni mmoja mmoja, yeye kimya. Masika moja ikapita, ya pili ikaingia.

Alasiri moja, mama akiwa shambani, alikuja mwanamume nisiyemjua kutoka stesheni. Alimwamkia Bibi huku anatazama miguu yake, akampa blanketi la kijivu lililofungwa kwa kamba ya katani. Wakaenda nyuma ya nyumba. Sikusikia walichosema, ila wakati wa kuagana nilimsikia Bibi.

"Umefanya vyema, mwanangu. Sasa nenda, na neno hilo liishie kwangu."

Blanketi alilitandika kitandani kwake, akaniambia kaletewa zawadi. Niliamini, mtoto atabishana na zawadi kwa nini?

Haikupita muda baba mkubwa, kaka yake baba, akaanza kusema waziwazi kwamba mdogo wake amekufa. Mtoto wake alikuwa anaandamwa na homa, na mganga alimwambia ni maiti isiyoliliwa inadai haki yake. Sikumchukia hata siku zile, alikuwa mzazi mwenye hofu. Lakini alitaka matanga yawekwe, na moto wetu uzimwe kwa maji, majivu yakamwagwe njia panda kama ilivyo desturi. Nami nilijua kitakachofuata. Mama angepaswa kurithiwa na baba mkubwa, naye alikwisha sema kisimani, mbele ya wanawake wote, kwamba yeye si jembe la kurithiwa. Basi angerudi kwao Puge. Mimi ningebaki, maana kwetu mtoto ni wa kwa baba. Ningempoteza mama kwa kibuyu kimoja cha maji.

Siku ya kuzima moto ikafika. Baba mkubwa alikuja jioni na wazee wawili na kibuyu chake. Mvua ilikuwa imetuandama, anga limefunga lote, jeusi kama kitako cha chungu. Bibi aliketi kando ya mafiga asitikisike.

"Moto huu niliuwasha mimi siku ya harusi yao," alisema. "Kwanza tutakula. Tukishakula tutatoka nje. Kambi isipoonekana, mwagia maji wewe mwenyewe, mwanangu."

Nilidhani amerukwa na akili. Nani ataona nini angani siku kama ile? Mama hakuinua macho. Bibi, lo, alikula kama mtu aliyealikwa karamuni, tonge kwa tonge, akaomba aongezewe mlenda. Katikati ya kula akanituma nje nikatazame moshi wa jikoni unalalia wapi. Nikarudi mbio nikamwambia unalalia magharibi. Akaendelea kutafuna. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba upepo wa mashariki kwetu hukausha mvua, na kwamba mwanamke yule alikuwa anavuta muda.

Tulitoka. Tukasimama uani, baba mkubwa na kibuyu mkononi, mimi nimeshika kanga ya mama kwa mikono miwili. Wazee walianza kukohoa, kile kikohozi cha kusema basi. Ndipo mawingu ya kusini yalipoanza kuachana, polepole, juu ya miombo. Nyota moja, nyingine. Halafu doa letu, hafifu, mahali pake pale pale.

Baba mkubwa aliliangalia kwa muda mrefu.

"Mama, ile ni kambi ya walio hai au ya wafu?"

"Ni kambi ya watu wetu," Bibi alijibu.

Baba mkubwa akanawa uso kwa maji ya kile kibuyu, akaenda zake. Mwanawe alipona kwa kwinini ya zahanati, na habari ya kuzima moto haikurudi tena. Mama akabaki. Alinisuka, alinigombeza, alinichezea ngoma siku ya harusi yangu.

Bibi alikufa nikiwa na watoto wawili. Mama alilitoa lile blanketi, akanionyesha pindo lake. Lilikuwa limeshonwa kwa uzi mwekundu, kwa mkono wake mwenyewe, kabla baba hajaondoka. Baba alikuwa amezikwa Kilosa kabla blanketi halijafika. Mama alilitambua jioni ile ile aliporudi shambani, akatazamana na Bibi, wakafukia makaa kama kawaida. Miaka yote ile wanawake wawili walipuliza moto wa mtu waliyejua amekufa, ili mimi niwe na mama. Nililia siku ile kwa ajili ya watu wawili, Bibi na baba. Moto tukauzima wenyewe, mimi na mama.

Juzi mjukuu wangu Milembe alinionyesha picha kwenye simu. Anasema lile doa ni nyota zisizohesabika, zilizo mbali mno, na mojawapo ililipuka mimi nikiwa mtu mzima, ikaonekana kwa macho matupu. Kilichobaki ni pete nyekundu, kama makaa yaliyopangwa duara.

"Nyota yenyewe haipo tena, Bibi. Haya ni mabaki tu."

"Na yanawaka bado?"

"Yanawaka."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi nimekuzwa na moto wa namna hiyo. Badala yake nikamrudishia simu. Nikainuka, nikatoka nje kutazama kama kuna mawingu.