Nilivyompakia Mama Mkwe Kwenye Bonde la Mvinyo

Ndugu zangu, kuna mambo mtu huyaficha hata kwa daktari, na hili langu nimelificha hata kwa wenzangu wa kikao chetu cha wasomaji pale Rissne, pembeni mwa Stockholm, ambako tunasomeana miswada na kukosoana bila huruma. Nikiulizwa habari za Ufaransa nilikuwa najibu, "Mto ulikuwa mzuri," halafu naomba chai. Leo nasema, maana shahidi mkuu ameshasema mwenyewe kwenye mikrofoni, mbele ya ukumbi mzima, na baada ya hapo sina tena cha kulinda.

Mimi ni mwandishi wa riwaya (moja, na wasomaji wake wote nawajua kwa majina). Mwaka ule nilikuwa nimepagawa na wazo la kusafiri polepole. Nilimwambia mchumba wangu Sanyu kwamba dunia inakimbizwa mno, kwamba binadamu anapaswa kupita bondeni kwa mwendo wa mapigo ya moyo wake, asubuhi ukungu juu ya Mto Loire, mchana kivuli cha mizabibu, jioni glasi moja ya mvinyo na ukurasa mmoja wa muswada. Sanyu, ambaye amezaliwa hapa hapa Stockholm na hana muda na ukungu, akasema, "Si useme tu unataka likizo?" Tukalipia ziara ya baiskeli ya wiki moja, zile ambazo wewe unapiga pedali na begi lako linatangulia kwa gari hadi nyumba ya wageni inayofuata. Kwetu Iringa baiskeli hubeba gunia la mkaa na mwenye baiskeli huisukuma mlimani akijilaani. Mimi nilikuwa nalipa nauli ya ndege ili nikaisukume bila mkaa. Sikuliona hilo kuwa la ajabu. Niliona ni falsafa.

Sanyu akaenda kwao Farsta, mtaa mwingine wa Stockholm, kuaga. Mama yake ni Mganda aliyekimbilia Nairobi enzi za misukosuko ya kwao, Kiswahili akakiokota sokoni huko, kisha akaja Sweden akazeekea kwenye kazi ya uuguzi. Ameokoka, hanywi hata soda ya rangi nyeusi. Na kwanjula yetu, yaani ile sherehe ya Kiganda ya mchumba kutambulishwa kwa wakwe, ilikuwa bado. Ilipangwa kufanyika vuli.

"Unaenda Ufaransa na nani?" Mama akauliza.

"Na yeye."

"Yeye nani? Mimi kuna mtu nimetambulishwa? Basi na mimi nakuja."

"Men mamma!" Sanyu akalalamika kwa Kiswidi.

"Hiyo Kiswidi peleka kazini. Nimesema nakuja."

Ndipo Sanyu akanikalisha chini kunipa masharti. Kwa Waganda wa zamani, mwanamume hamgusi mama mkwe wake: hampi mkono, hakai naye kiti kimoja, hapiti karibu naye akiwa nusu uchi. Ukivunja mwiko huo, wazee wanasema utapata ugonjwa uitwao obuko, mikono itetemeke hadi kaburini. "Mimi siamini," Sanyu akasema, "lakini Mama anaamini, na Mama akikataa hakuna kwanjula, na bila kwanjula baba hatatoa neno. Kwa hiyo wiki moja tu, tafadhali, kaa mbali naye." Nikacheka. Bonde lote lile, nikakose pa kukaa?

Sasa sikilizeni uamuzi mdogo ulioniangamiza. Asubuhi ya kwanza kule Loire nilikuwa na suruali yangu ya kitambaa, pana, ya heshima, suruali ambayo hata askofu angeiazima. Lakini nilikuwa nimenunua taiti ya waendesha baiskeli, ya njano, yenye sponji makalioni, na nilipojitazama kwenye kioo nikaona mtu ambaye upepo umekuwa ukimsubiri. Suruali nikaitia kwenye begi, begi nikaliweka mlangoni kungoja gari la mizigo. Mama hatanionaje, mnauliza? Mpango ulikuwa yeye apande hilo hilo gari, atangulie, na atakaponiona tena jioni niwe nimeshabadili.

Gari likaja, mabegi yakapakiwa. Kiti cha mbele alikuwa amekaa mbwa wa dereva, mkubwa kama ndama, ametoa ulimi.

"Hii gari ni ya mbwa ama ni ya watu?" Mama akauliza.

"Mama, ni mpole," Sanyu akasema.

"Hata shetani alikuwa malaika. Siendi."

Dereva, ambaye aliona ni rahisi kumpoteza abiria kuliko mbwa, akaondoka. Na suruali yangu ikaondoka. Nikabaki nyuma ya mti, nimejishika mbele na nyuma kama Adamu baada ya tunda.

Kiongozi wetu, dada wa Kifaransa mwenye miguu kama nguzo za daraja, akatoa ghalani baiskeli ya watu wawili, ile yenye viti viwili vinavyofuatana. Nikapendekeza Mama aende na binti yake. Dada akampima Sanyu kwa macho (Sanyu ni mwembamba kama njiti), akampima Mama (Mama si njiti), kisha akaniona kule nyuma ya mti, akaiona taiti, uso ukamng'aa. "Ah, Bwana ni mtaalamu!" akasema. Ndugu zangu, hapo ndipo ningefungua kinywa niseme mimi mwisho wangu ni kutoka Rissne hadi maktaba ya Sundbyberg, mtaa wa jirani, na kurudi napanda treni. Lakini mtu aitwe mtaalamu mbele ya mama mkwe, halafu akane? Nikatabasamu kwa unyenyekevu.

Mama akanitazama mara moja tu, akaelekeza macho mbinguni. "Sanyu," akasema (kwangu alizungumza kupitia Sanyu tu, kama kawaida yao inavyotaka), "mwambie huyo aende mbele na asigeuke."

Akapanda. Lakini alipanda jinsi anavyopanda bodaboda kila anapokwenda Kampala kwa Krismasi: upande, magoti pamoja, gomesi, lile gauni pana la Kiganda, imekunjwa vizuri, mkoba mapajani. Dada wa Kifaransa akaanza kupiga kelele.

"Anasema nini huyu?" Mama akauliza.

"Anasema upige pedali, Mama," Sanyu akajibu kutoka kwenye baiskeli yake.

"Abiria wa boda anapiga pedali? Dereva yuko hapo, amevaa nguo ya kazi."

Kisha akafungua mwavuli wake, akauweka katikati yake na mgongo wangu kama pazia, asione asichotakiwa kuona. Tukaanza. Yaani nilikuwa nambeba mama mtu mzima, gomesi, mkoba wenye Biblia, na mwavuli uliofunguka ukikamata kila upepo wa bonde lile, huku Sanyu anatupita, anarudi, anatupita tena, akicheka hadi anayumba. Mto ulikuwepo, naambiwa. Kasri pia, naambiwa. Mimi niliona gurudumu la mbele na jasho langu likidondoka juu yake. Kila nikihema kama ng'ombe, nyuma naambiwa, "Sanyu, muulize huyo kama yuko sawa," na Sanyu ananiuliza, na mimi namjibu Sanyu, na Sanyu anamjibu mama yake aliyekaa hatua moja nyuma yangu.

Tulipofika juu ya kilima dada akatuonyesha chini: ua wa shamba la mvinyo, watu wamezunguka mapipa, glasi mkononi, wanaonja na kutema kwenye ndoo. "Wanalipa ili wateme?" Mama akauliza. Kabla hajajibiwa, kilima kilitushika.

Breki nilizibana. Breki zilinijibu kwa kulia tu. Mwavuli ukageuka ndani nje, ukaruka, ukaenda zake kuitembelea Ufaransa. Mama akaanza wimbo wa kanisani, akauacha katikati ya ubeti, akasahau Sanyu, akasahau mila, akaniambia moja kwa moja, "Simamisha, mwanangu!" na mkono wake ukatafuta cha kushika, ukapata lastiki ya taiti yangu kiunoni.

Taiti ya Ulaya inavutika sana. Nakiri ubora wake. Ilivutika nyuma kama kombeo kuanzia mteremko hadi langoni, na tulipoingia uani Mama, kwa ujuzi wa wanawake wote wa Kampala, aliruka kwa upande na kutua kwa miguu yake miwili, mkoba begani, kipande cha taiti ya njano kilichochanika mkononi. Mimi niliendelea peke yangu. Nilisimamishwa na kreti za zabibu zilizotoka kuvunwa, kichwa ndani, na kile ambacho taiti ilikusudiwa kukificha kikitazama jua la Ufaransa.

Nikasikia sauti ikisema, "Oj, oj," mshangao ninaousikia kila siku kwenye treni yetu. Walikuwa Waswidi! Basi zima la wastaafu kutoka Stockholm. Na kwa adabu ya kwao, wote kwa pamoja waligeuka kuitazama mizabibu kana kwamba imeota dakika ile.

Nilipoinuka, nimefungwa kitambaa cha meza, mikono ilikuwa inatetemeka. Ni breki jamani, na mawe ya njia! Lakini Mama aliikodolea macho. "Sanyu," akasema taratibu, "angalia mikono yake." Sanyu hakucheka tena.

Siku zote zilizobaki Mama alisafiri kwa gari la mizigo, kiti cha mbele, bega kwa bega na yule mbwa. Tuliporudi Stockholm muswada sikuugusa, simu niliilalia. Kila nikimuuliza Sanyu, ananiambia mama yake anasali na hajasema ndiyo wala hapana. Mwishoni ukaja ujumbe: "Mama kasema uje na watu wako siku ile ile. Hakuongeza neno."

Nikaenda ukumbini Farsta nimevaa kanzu na koti, nimekaa katikati ya wajomba zangu kama mshitakiwa. Shangazi yake Sanyu, ambaye kwa mila ndiye wa kunitambulisha, akasimama na mikrofoni akauliza, "Miongoni mwa wageni hawa, kuna mtu nyumba hii inamjua?" Kabla hajajijibu, Mama akanyoosha mkono akaomba hiyo mikrofoni. Wazee wakatazamana, maana si kawaida. Sanyu akafumba macho.

"Huyo wa katikati," Mama akasema, "kwa uso simfahamu vizuri. Ageuke nimwone mgongo."

Nikageuka. Ningefanya nini? Ukumbi mzima ukanitazama nyuma, na Mama akasema, "Ndiye. Alinibeba kilima kizima na hakuniangusha. Mpeni kiti, ila kisiwe na magurudumu."

Vigelegele vilivyopigwa nadhani vilisikika hadi stesheni. Nimeoa, ndugu zangu, na mikono imetulia. Ila nimeapa: mabonde yote ya dunia nitayaandika nikiwa nimekaa nyumbani Rissne, polepole, ndani ya suruali ya kitambaa, tena yenye mkanda.